Tromboni zikiingia, okestra nzima inakatika: je, ninunue kompyuta mpya?

Ndugu Mshauri, salaam.

Natunga muziki wa filamu fupi na vipindi vya redio. Kwa miaka mingi nimetumia sauti zilizomo kwenye kinanda changu, hadi mwaka huu nilipojikusanya nikanunua maktaba ya sampuli za okestra nzima: violini hadi besi, filimbi na obo, honi, tarumbeta, tromboni, ngoma na kinubi. Siku niliyosikia selo zile kwa mara ya kwanza nililia, sikufichi.

Furaha ile haikudumu. Kompyuta yangu ni ya kupakata, ya Windows, ina prosesa ya kori sita na RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya GB 16. Maktaba haikuenea ndani, kwa hiyo niliiweka kwenye diski ya nje, ile ya kawaida inayozunguka, ambayo nilikuwa nahifadhia picha. Nimeichomeka kwenye kigawanyio cha USB pamoja na kinanda na kadi ya sauti. Nikianza na nyuzi peke yake, mambo ni shwari. Nikiongeza filimbi, bado naenda. Honi zikiingia naanza kusikia mikwaruzo. Tromboni zikiingia, noti zinakatika katikati, nyingine hazilii kabisa, na mara mojamoja kompyuta nzima inaganda. Kufungua wimbo mmoja kunachukua zaidi ya robo saa. Nimeangalia Task Manager wakati wimbo unapigwa: prosesa inaonyesha asilimia 35 tu, RAM imejaa GB 15.3 kati ya 16.

Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mmoja ameniambia prosesa yangu imezeeka, nitafute yenye kori nyingi. Mwingine anasema tatizo ni kadi ya picha, ninunue kompyuta ya wacheza gemu. Wa tatu ni mtunzi mzoefu, anasema yeye ana kompyuta mbili zilizounganishwa, na kwamba okestra kamili haiendi kwenye mashine moja. Mume wangu ananiunga mkono katika kazi hii, lakini ameniuliza swali nililoshindwa kulijibu: tukishanunua hiyo kompyuta, una hakika gani kwamba tatizo litakwisha?

Nina wimbo wa dakika nne wa kukabidhi mwisho wa wiki ijayo. Ninunue nini? Na kama siwezi kununua vyote kwa mpigo, nianze na kipi?

Ni mimi,
Mtunzi aliyekwamia kwenye tromboni

---

Dada yangu, salaam nyingi.

Mume wako ameuliza swali ambalo washauri wako wote watatu walipaswa kuuliza kwanza. Jibu langu kwenu wawili ni hili: msinunue kompyuta mpya kwa sasa. Anza na diski ya SSD ya kuwekea maktaba, kisha ongeza RAM ikiwa mashine yako inakubali. Umenipa takwimu za kutosha kuniwezesha kusema hivyo, na nitakueleza kwa nini, ili kesho mtu mwingine akija na ushauri wake uweze kumpima.

Tuanze na kinachotokea unapobonyeza noti. Maktaba ya sampuli ni rundo la rekodi za wanamuziki halisi, noti mojamoja. Noti ileile ya violini imerekodiwa ikipigwa kwa upole, kwa nguvu ya wastani na kwa nguvu nyingi. Imerekodiwa mara kadhaa ili ukiirudia isisikike kama mashine. Na kila mara imenaswa na maikrofoni za karibu, za katikati na za mbali. Rekodi hizo zote haziwezi kuingia kwenye RAM. Zamani ilibidi ziingie, ndiyo maana sampuli zilikuwa fupi na zenye kuchosha sikio. Mwaka 1998 ilitoka programu ya GigaSampler, iliyoonyesha njia tunayoitumia mpaka leo: mwanzo tu wa kila rekodi hukaa kwenye RAM, na mengine yote husomwa kutoka kwenye diski papo hapo, noti ikiwa inalia. Ukibonyeza, mwanzo unalia mara moja, na wakati unalia diski inakimbilia kuleta kilichobaki. Diski ikichelewa, noti inakatika.

Hapo ndipo tromboni zako zinapokwamia. Hebu tupige hesabu, maana ni nyepesi na inaeleza mengi.

Sauti moja ya stereo, biti 24, kwa kiwango cha 48 kHz, inahitaji kB 288 kwa sekunde. Ni kidogo sana. Lakini okestra haina sauti moja. Chukua koda, yaani noti zinazolia kwa pamoja, ya noti tano kwenye nyuzi. Kama gurudumu la kinanda linachanganya ngazi tatu za nguvu, zote tatu zinalia pamoja muda wote ili uweze kupanda na kushuka bila kishindo. Ukiwasha maikrofoni tatu, kila ngazi inakuwa mara tatu. Tano mara tatu mara tatu: sauti 45 kwa koda moja, na bado hujahesabu mkia wa koda iliyotangulia ambao unaendelea kufifia. Weka filimbi, honi, tromboni na ngoma, na kufika sauti 400 si jambo la ajabu. Hizo ni karibu MB 115 kila sekunde. Watengenezaji wengi hubana faili zao bila kupoteza ubora, kwa hiyo kiasi halisi kinachosomwa hushuka, ila sura ya tatizo haibadiliki.

Utasema diski inayozunguka inaweza kutoa MB 100 na ushei kwa sekunde. Ni kweli, ikisoma faili moja refu lililonyooka, kama filamu. Kwako wewe inasoma vipande vya mamia ya faili yaliyotawanyika. Diski za nje za aina yako kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11, kwa hiyo kwa wastani inasubiri kama 5.5 kabla kipande kinachotafutwa hakijafika chini ya kichwa cha kusomea. Ongeza muda wa kichwa chenyewe kusogea, na kila mruko unakula milisekunde 15 hivi. Ni miruko kama 65 kwa sekunde, basi. Huku Kontakt, kwa mfano, programu ya kupigia sampuli, kwa kawaida huweka kB 60 za mwanzo wa kila sampuli kwenye RAM, ambazo ni sawa na milisekunde 208 za sauti. Katika milisekunde 208 diski yako inaweza kuruka mara 13 au 14. Wewe umeiomba ilete vipande vya sauti 400. Hata programu ikisoma vipande virefu ili kupunguza miruko, bado hakuna namna.

SSD haina kitu kinachozunguka wala kinachosogea. Inakifikia kipande chochote kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo maana namwambia kila mtunzi mwenye diski inayozunguka aanze hapo kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa kuhusu SSD ipi, usidanganyike na namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Ya SATA, aina ya zamani, inatoa hadi MB 550 hivi kwa sekunde. Ya NVMe, aina mpya zaidi, kwenye njia ya PCIe 3.0 hufika 3,500, na kwenye PCIe 4.0 hufika 7,000. Kwa kupiga okestra, hata ya SATA inakutosha kwa mbali. Tofauti kubwa utaiona wakati wa kufungua wimbo na si wakati wa kuupiga. Tena kazi ya maktaba ni ya upole kwa diski: unaandika mara moja, halafu unasoma miaka na miaka. SSD za bei nafuu za aina ya QLC, ambazo huzorota zikiandikwa mfululizo kwa muda mrefu, zinafaa sana hapa. Siku ya kunakili maktaba utasubiri kidogo, basi. Fedha utakayookoa iende kwenye ukubwa. Toleo la Professional la maktaba ya BBC Symphony Orchestra ya kampuni ya Spitfire Audio peke yake linakula takriban GB 600. Kwa hiyo nisingenunua iliyo chini ya TB 1, na TB 2 ni bora kama mfuko unaruhusu.

Kuna jambo dogo kwenye barua yako lililonishtua: hicho kigawanyio cha USB. Diski, kinanda na kadi ya sauti vyote vinapita mlango mmoja. Na kama kigawanyio chenyewe ni cha USB 2.0, kinachopita kwa uhalisia ni kama MB 40 kwa sekunde, yaani sauti 138 hata ungekuwa na SSD nzuri kuliko zote duniani. Chomoa diski leo hii uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, kwenye mlango wa USB 3, ambao mara nyingi una rangi ya buluu ndani au alama ya SS. Kadi ya sauti nayo ipe mlango wake. Kinanda hakina shida, kibaki kwenye kigawanyio. Na utakaponunua SSD ya nje, angalia kompyuta yako ina mlango wa kasi gani: wa Gb 10 kwa sekunde unapitisha kama MB 1,000, wa Gb 5 unapitisha zaidi ya 400. Yote miwili inafaa.

Tuje kwenye RAM. GB 15.3 kati ya 16 maana yake imejaa, hakuna maneno mengine. Na ikijaa, Windows haikuambii kwamba imejaa. Inaanza kuhamishia sehemu ya yaliyomo kwenye diski na kuyarudisha yanapohitajika. Huko kuganda kwa kompyuta nzima unakokusimulia ndiko huko.

Iliyojaza RAM ni ile mianzo ya sampuli. Chukua ala moja yenye noti 40, ngazi nne za nguvu na marudio matatu. Hizo ni sampuli 480. Kwa kB 60 kila moja, unapata MB 28.8. Ni kidogo. Ila washa maikrofoni tatu: MB 86. Pakia namna kumi za upigaji, yaani legato, stakato, pizikato, tremolo na nyinginezo: MB 864. Kwa ala moja! Okestra ina sehemu zaidi ya kumi na tano. Ukiitazama hesabu hii vizuri utaona kwamba kubwa katika hizo namba ni maikrofoni na namna za upigaji ambazo wimbo wako huenda hauzitumii hata mara moja.

Na hapa ndipo SSD inapokulipa mara ya pili. Kwa kuwa inafika haraka, huhitaji mwanzo mrefu kwenye RAM. Kwenye mipangilio ya kumbukumbu ya Kontakt kuna sehemu ya kubatilisha ukubwa wa mwanzo huo kwa ala zote, na programu ya Spitfire nayo inayo. Ukishusha kutoka kB 60 hadi 12, ala yetu ya MB 864 inabaki MB 173. kB 12 ni milisekunde 42 za sauti, muda unaoitosha SSD kabisa. Usijaribu hivyo kwenye diski unayoitumia sasa, maana itazidi kukatika. Wengi wanaongeza RAM kwa fedha nyingi wakati nusu ya RAM waliyonayo imeshikwa na mpangilio uliowekwa kwa ajili ya diski za zamani, na linanisikitisha kila ninapoliona.

Hata hivyo GB 16 kwa okestra kamili ni nguo ya kubana. Fungua tena Task Manager, kwenye ukurasa wa utendaji, ubofye kumbukumbu. Chini yake utaona nafasi za RAM zilizotumika, kwa mfano moja kati ya mbili, na kasi yake. Kisha tafuta jina kamili la kompyuta yako uone inakubali hadi GB ngapi na ni DDR4 au DDR5, kwa sababu hizo mbili hazichomekani mahali pa nyingine. Kama inakubali 32, nenda 32. Kwa makadirio yangu, GB 32 pamoja na SSD, mwanzo mfupi na maikrofoni moja au mbili zinabeba okestra nzima kwa kazi kama zako. 64 ni raha: unafungua kila kitu na kuanza kutunga bila kufikiria. 128 ni kwa mtu anayetaka maktaba kadhaa ziwe tayari wakati wote, kila namna ya upigaji, kila siku. Sioni kwa nini wewe ufike huko sasa.

Ikiwa mashine yako ina RAM iliyolehemiwa kwenye ubao, hapo haiongezeki, na hilo ndilo jambo pekee litakalonifanya nikubali neno la kompyuta mpya. Nakuomba ulishike hili kwa siku utakayonunua: Mac zenye chipu za Apple, tangu M1 ya mwaka 2020, RAM yake haiongezeki baada ya kununua. Ni mashine nzuri sana kwa muziki, lakini RAM utakayochagua siku hiyo ndiyo utakayokuwa nayo mpaka mwisho. Diski unaweza kuiongeza kwa nje, RAM huwezi. Kwa hiyo ukilazimika kuchagua kati ya diski kubwa ya ndani na RAM kubwa, chukua RAM. Na kwa kompyuta ya mezani yenye DDR5, chukua vipande viwili vikubwa badala ya vinne vidogo, kwani vinne hulazimika kwenda kwa kasi ndogo.

Prosesa sikuiacha kwa bahati mbaya. Ile asilimia 35 inakuambia kitu, ingawa haikuambii kila kitu. Ni wastani wa kori zote sita. Sauti ya ala moja, na vikorombwezo vyake, hufuata mnyororo: kwanza ala, kisha mwangwi, kisha kundi lake, kisha mwisho kabisa mahali sauti zote zinapokutana. Kiungo kimoja hakiwezi kuanza kabla ya kilichotangulia kumaliza, kwa hiyo kori moja inaweza kuwa imelemewa huku tano zikikaa bure, na wastani ukasoma 35. Ndiyo maana kwa kazi hii kasi ya kila kori ina uzito kuliko wingi wake, na ndiyo maana ushauri wa kutafuta yenye kori nyingi naukataa, hata siku utakapohitaji prosesa kweli.

Njia ya kujua kama prosesa inahusika ni rahisi. Nenda kwenye mipangilio ya kadi ya sauti, utafute bafa, yaani ukubwa wa fungu la sauti linaloandaliwa kwa mara moja. Ikiwa iko 256, kompyuta inapewa milisekunde 5.3 za kuandaa kila fungu la sauti. Ipandishe hadi 1,024, yaani milisekunde 21. Piga mahali palepale tromboni zinapoingia. Mikwaruzo ikiisha, prosesa ilikuwa imebanwa na muda, na unaweza kufanya kazi hivyohivyo: bafa ndogo unaporekodi kwa kinanda, kubwa unapochanganya. Noti zikiendelea kukatika au kutolia, prosesa haihusiki, ni diski. Hata sikio linatofautisha. Prosesa ikilemewa, wimbo mzima unakwaruza au kudunda kwa pamoja. Diski ikilemewa, mikwaruzo haiwi sawa kwa wote: violini inaendelea vizuri huku honi imekatika, au noti moja ya koda haipo. Juu kabisa ya dirisha la Kontakt pana vipimo vya idadi ya sauti, prosesa, diski na kumbukumbu. Weka jicho kwenye kile cha diski wakati tromboni zinaingia. Kwa jinsi ulivyoeleza, nina imani kubwa utakiona kikipanda.

Kabla hujamaliza na prosesa, hakikisha mwangwi wako ni mmoja au miwili inayotumiwa na ala zote kwa kugawana, usiweke wa kila ala peke yake; mingi ya aina hiyo ni mizito kuliko sampuli zenyewe. Pia kompyuta ya kupakata ikitegemea betri hujipunguzia kasi, na ikipata joto hujipunguzia tena. Chomeka umeme, chagua mpango wa nguvu wa utendaji wa juu, inua mashine ipate hewa chini. Zima Wi-Fi unapofanya kazi, kwa sababu draiva zake, yaani programu ndogo zinazoendesha kifaa, ni miongoni mwa zile zinazoweza kuishikilia prosesa kwa milisekunde chache katikati ya sauti. Programu ya bure iitwayo LatencyMon itakuonyesha draiva gani inafanya hivyo.

Kadi ya picha haihusiki na sampuli hata chembe. Ile iliyo ndani ya prosesa inatosha kuonyesha noti na vitelezi. Fedha ya kompyuta ya gemu huenda hasa kwenye kadi hiyo, kwa hiyo ungekuwa umelipa sana kwa kitu ambacho tromboni zako haziwezi kukitumia.

Huyo mtunzi wa kompyuta mbili namheshimu, na hakukosea kwa upande wake. Zamani programu za biti 32 hazikuweza kutumia zaidi ya GB 4 za RAM, kwa hiyo mwenye kutaka okestra kamili alilazimika kuigawa: nyuzi kwenye mashine moja, honi kwenye nyingine. Wapo wanaoendelea hivyo mpaka leo kwa kutumia Vienna Ensemble Pro, inayopitisha noti na sauti kwenye waya wa mtandao, na inafanya kazi vizuri, kwa sababu sampuli zenyewe hazisafiri. Lakini RAM ambayo enzi hizo ilihitaji mashine nne leo inaingia kwenye moja. Kwako wewe mashine ya pili ni umeme zaidi, kelele zaidi, na vitu viwili vya kusasisha badala ya kimoja. Achana nayo.

Sasa wimbo wa wiki ijayo, kwa sababu huenda SSD isifike kwa wakati, na kazi ya watu lazima ikabidhiwe. Hamisha diski kwenye mlango wake kama nilivyosema. Kisha pita kila ala, uzime maikrofoni zote isipokuwa moja, ile ya katikati ambayo kwa kawaida ina ukumbi wa kutosha ndani yake. Hakikisha unaipakua kutoka kwenye RAM, kwa maana kushusha tu kitelezi cha sauti si lazima kuiondoe. Futa namna za upigaji zisizotumika. Hapo peke yake huenda ukarudisha GB kadhaa, na sauti zinazosomwa kwa wakati mmoja zitapungua mara mbili au tatu.

Kwa ala zilizo kwenye Kontakt, fungua menyu ya Purge uamuru sampuli zote zitolewe kwenye RAM. Upige wimbo mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Utasikia fujo, usijali. Kisha chagua amri ya kusasisha hazina ya sampuli, na zitabaki zile tu ambazo noti zako zimezigusa. Wimbo wa dakika nne haugusi hata nusu ya maktaba.

Halafu ligandishe kundi ulilomaliza. Ukishatosheka na nyuzi, amuru programu yako izigeuze kuwa faili la sauti na kuzipakua ala zake. Faili moja la sauti kwa kila kundi ni mzigo ambao hata diski yako ya sasa inaubeba bila kutoa jasho. Fanya hivyo kwa nyuzi, kisha filimbi, na honi. Ukifika kwenye tromboni zitakuwa peke yake kwenye diski, na zitalia. Usiufute ule wimbo wa kabla ya kugandisha. Uhifadhi kwa jina lingine, ili anayekuagiza akitaka violini zipande noti moja uweze kurudi. Na unapotoa wimbo wa mwisho, tumia utoaji usio wa papo hapo (offline), kwa kuwa hapo programu inaisubiri diski ilete kila kipande kabla ya kuendelea, na noti zilizokuwa zinakatika ukisikiliza mara nyingi hutoka kamili kwenye faili.

SSD ikifika, nakili folda nzima ya maktaba, uielekeze programu mahali papya, ushushe ule mwanzo hadi kB 12, kisha ufungue wimbo uleule na utazame RAM imesoma ngapi. Namba hiyo ndiyo ya kumwonyesha mume wako kabla hamjaamua kama RAM nyingine inahitajika.

Wako,
Mshauri